Msikilizaji wa Bwana Kesho

Kiti kililia alasiri, na hapakuwa na mtu aliyekikalia.

Kilikuwa kiti cha kusuka cha marehemu mama, kimesimama mahali pake pa siku zote, kati ya kabati la vitabu na dirisha, na mto wake ungali na bonde la mgongo wake. Binti alikuwa mezani, vidole juu ya kompyuta, akichapa maneno ya baba yake jinsi yalivyokuwa yakimtoka. Baba alikuwa amefika pabaya. Mwanamke wa kwenye riwaya, muuguzi anayeishi na mume asiyekaa nyumbani, amesikia hatua barazani, muuaji anayechongesha funguo za nyumba za watu hajakamatwa, mvua inanyesha, umeme umekatika, na mkono wake umeshika kitasa cha mlango. Hapo baba akanyamaza, kama alivyonyamaza mahali kama hapo maisha yake yote. Ndipo kiti kikalia, mlio mrefu wa nyuzi zinazolemewa, kama mtu anayesogea mbele ili asikie vizuri.

"Umesikia, Baba?"

"Joto hilo. Linavuta nyuzi."

Binti akajitazama. Alikuwa amevaa sweta, na baba naye alikuwa amejifunika shuka magotini. Hakubishana. Alihifadhi kazi ya siku hiyo, akazima kompyuta, akaenda kubandika maji ya chai.

Mtaani baba aliitwa Bwana Kesho. Jina hilo alilipata enzi hizo hadithi zake zikitoka gazetini vipande vipande, na kila kipande kikikatika pale msomaji alipotumbua macho. Watu walimsimamisha njiani kumwuliza kama yule daktari atauawa au ataponea chupuchupu, naye jibu lake lilikuwa moja tu: kesho. Muuza nyama mmoja alichoka naye. Siku moja akampimia nyama, akaifunga vizuri, kisha akaificha nyuma ya mgongo. "Nyama?" akasema. "Kesho, Bwana Kesho." Baba alicheka mpaka akaegemea mizani ya watu. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akamsimulia mkewe kisa chote kwa furaha, na siku hiyo walikula mboga za majani.

Alikuwa fundi wa taharuki, na hakuona haya kujisifu. Alipenda kufundisha hata asipoulizwa. "Anayekimbia mpe sentensi fupi," alimwambia binti katikati ya kazi. "Anayesubiri mpe ndefu, isiyo na kituo, akose pa kupumulia. Na usianze na maiti, maiti kila mtu anaweza kuileta. Anza na kitu kidogo kisichokaa sawa, kikombe kilichohama meza. Kisha kaa kimya. Usimpe cha pili mpaka aanze kujicheka kwa ule woga wake wa kwanza."

Mkewe sasa, huyo alikuwa dawa nyingine. Hakuivumilia taharuki hata kidogo. Akipewa kitabu anafungua ukurasa wa mwisho, anausoma kwa utulivu kama anayekagua bei, ndipo anarudi mwanzo. "Nikishajua nani anakufa," alikuwa akisema, "naweza kumpenda kwa nafasi wakati bado yupo." Baba alizificha kurasa za mwisho chini ya godoro, nyuma ya picha ukutani, hata ndani ya debe la unga. Alizipata zote. Binti alikua akimwona mama yake amesimama jikoni na karatasi zenye unga, anasoma, anatikisa kichwa, na baba mlangoni anaapa kwamba hataandika tena. Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa kuwindana.

Kisha mama akaugua, na riwaya ya muuguzi na mlango ikawa imefika katikati. Kila alasiri baba alikwenda hospitalini, akaketi kando ya kitanda, akamsimulia sura mpya mpaka kwenye kitasa, halafu akakata. Mama akaomba mwisho. Alikuwa amechoka, sauti imebaki ndogo. "Niambie tu, nilale." Baba akakataa. Hakuwa mkatili, Mungu ndiye shahidi. Alichokijua katika maisha yake ni kimoja, kwamba mtu mwenye kitu cha kusubiri hafungi kitabu, na katika woga wake akaamini kwamba mtu wa namna hiyo hata kufa hafi. "Utausikia ukirudi nyumbani," akamwambia. Mama hakurudi.

Binti alikuja kwa ajili ya msiba, akabaki kwa ajili ya macho ya baba. Presha ya macho ilikuwa imemwachia kivuli na mwanga tu, kuandika hawezi tena, ikabidi awe anatamka na mwingine anachapa. "Nitakaa kidogo nikusaidie," binti alisema, na masanduku aliyokuja nayo hayakuwa ya mtu wa kukaa kidogo. Baba hakuyaona. Aliuliza tu, kila baada ya siku chache, "Mkwe wangu anarudi lini?"

"Yuko safarini, Baba. Nitakueleza."

Hapakuwa na safari. Mumewe alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine, kisha akarudi na huyo mwanamke, na binti alipotoka kazini siku moja alikuta ufunguo wake hauingii mlangoni, kufuli limebadilishwa. Alisimama pale barazani kwake mwenyewe na mfuko wa sokoni mkononi, majirani wakitazama. Angemweleza baba, lakini kwanza kulikuwa na msiba, halafu kukawa na macho, halafu siku zikawa zimepita nyingi mno, na kila siku iliyopita ikafanya maneno yawe mazito kuliko jana yake.

Baada ya kiti kulia, kukawa kimya. Siku zikaenda. Binti akaanza kujicheka, mtu mzima kuogopa samani, na alipokuwa anajicheka hivyo, akiwa ameinama kuchomeka waya wa kompyuta, akasikia harufu. Haikuwa ya mama. Mama alinukia sabuni na mafuta ya mikono. Hii ilikuwa harufu ya maji ya maua yaliyokaa kwenye chupa siku nyingi bila kubadilishwa, yale maji mazito ya kijani yaliyokuwa kwenye meza ya hospitali, ambayo muuguzi wa wodi aliyamwaga asubuhi ile ya kifo wakati wakikunja mashuka. Ilitoka kwenye kiti. Binti alijiinua taratibu, na mara akakumbuka maneno ya baba: usimpe cha pili mpaka aanze kujicheka. Chochote kilichokuwa humo chumbani kilikuwa kinajua kazi.

Sauti ikaja siku iliyofuata, saa ile ile ya alasiri, mtaa umetulia na watu wamejilaza. Baba alikuwa amemrudisha muuguzi mlangoni. Mkono, kitasa, mvua. Akakata.

"Halafu?"

Ilikuwa sauti ya mama. Ndogo, ya kitandani, lakini yake. Binti aligandamana na kiti chake. Alichokitazama hakikuwa kiti cha kusuka bali uso wa baba, na kilichomvunja moyo ni kwamba baba hakushtuka. Alitabasamu. Alikuwa ameisikia kabla, siku nyingi kabla, pengine tangu matanga, na alikuwa amekaa na siri yake kama mtoto aliyeficha peremende shavuni.

"Halafu akasita," baba akasema, macho yake yasiyoona yakielekea dirishani, "kwa sababu alikumbuka jambo la utotoni." Na akaanza sura nyingine kabisa, mto, daraja, mjomba mlevi, kurasa na kurasa, mpaka jua likaingia chini ya pazia, ndipo akamrudisha mwanamke yule mlangoni, mkono kwenye kitasa, na kukata.

"Halafu?"

Ikawa ndiyo kazi yao. Riwaya ikanenepa, baba akakonda. Mlango haufunguki. Muuguzi akakumbuka shule, akakumbuka harusi, akakumbuka mgonjwa aliyefia mikononi mwake, na kila akimaliza kukumbuka yuko pale pale amesimama gizani. Chakula baba alikirudisha sahani nzima. Mkanda wa saa ya baba binti aliutoboa tundu jipya, kisha jingine. Usiku hakulala, alikuwa akitunga cha kesho. Mhariri wake alipopiga simu kuuliza kitabu, aliambiwa kimefikia patamu.

Jioni moja, kabla taa hazijawashwa, binti alikuwa anatoka jikoni na bakuli la uji, na alipofika katikati ya korido akasikia wanazungumza, baba kwa sauti ya chini na ile nyingine ikimjibu, siyo tena neno moja bali maneno, ikimwambia asifike mlangoni mapema, ampitishe kwanza dirishani, kitu fulani kiguse kioo, ngoja, sasa mwache apumue, sasa mnyime tena, na binti akasogea bila kuinua nyayo mpaka kwenye upenyo wa mlango, uji ukimwagikia vidole na yeye hausikii, akatazama ndani akaona kiti, akaona nyuzi za kiti zimezama chini katikati kama zinavyozama mtu mzima akikaa, na mto umebonyea, na mbele ya kiti, pale ambapo magoti ya mtu yangekuwa, mikono ya baba yake imenyooshwa na kufumbata hewa, na ile hewa imemshika, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimebanwa pamoja na kupauka kama vya mtu anayevutwa, na harufu ya maji ya maua ikamjia usoni nzito, na sauti ya mama yake, bila kugeuka kwake, kwa upole ule ule iliokuwa ikimwita mezani alipokuwa mdogo, ikasema, "Na huyo mlangoni naye? Mwache asubiri."

Bakuli lilianguka. Kiti kikajiinua uzi mmoja mmoja. Baba akabaki mikono mitupu, akiita jina ambalo yeye peke yake alimwitia mkewe.

Binti alimpeleka jikoni, akamketisha karibu na jiko, akafunga mlango. Walinong'ona kama wezi.

"Baba, yule si mama."

Baba alinyoosha viganja kuelekea jiko.

"Mama hakuwahi kusema halafu. Hata siku moja. Mama angekukaba koo umpe mwisho. Huyo anataka usimalize. Huoni?"

"Macho yangu ndiyo mabovu," baba akasema. "Akili ninayo. Unadhani sijui? Mke wangu angekuwa ameshalala usingizi sura ya pili hii." Alijifuta uso kwa pindo la shati. "Najua si yeye. Lakini sauti ni yake, mwanangu. Ukinipa mahali pengine pa kuisikia, nitahamia huko leo hii."

Binti hakuwa na mahali pengine pa kumpa. Alimshika mkono, ulikuwa wa baridi, na mifupa yake ilihesabika. Akajua kwamba baba yake anakufa, tena anakufa kwa hiari yake, sura baada ya sura. Huko nje hapakuwa tena na nyumba ya kwenda wala mtu wa kumngoja. Baba ndiye aliyekuwa amebaki.

Kesho yake baba alianguka alipokuwa anatoka mezani kwenda kwenye kiti. Alianguka taratibu, kama nguo inayoteleza kwenye kamba, na alipokuwa chini mdomo wake ulikuwa bado unatamka. Binti alimpandisha kitandani, akafunga chumba cha kazi kwa ufunguo, akatoka.

Mtaa wa pili palikuwa na bibi aliyeshona mapazia. Chumba chake cha mbele kilijaa vitambaa mpaka darini, na watu walimwendea kwa mapazia, wengine wakimwendea kwa mambo ya majini, na hao wa majini nao walibeba kitambaa kwapani ili wapita njia wasiwaelewe. Binti hakubeba kitambaa. Bibi alimtazama, akazima cherehani, akafuatana naye na futi lake la kupimia bado limening'inia shingoni.

Alipofunguliwa chumba cha kazi hakuingia mara moja. Alivuta pumzi puani. Kisha akaingia, akaketi sakafuni mbele ya kiti, akakaa kimya muda mrefu kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Baba aliletwa akishikiliwa, akaketi mezani.

"Jini hili halikutumwa na mtu," bibi akasema kwa sauti ya chini. "Msisumbuke kutafuta mchawi. Mengine yanataka damu, mengine yanataka manukato. Hili linakula hamu. Mtu akisubiri jambo, lenyewe linakaa ubavuni mwake linakula kule kusubiri. Na nyumba hii imelilisha vizuri, Mzee. Kila siku chakula cha moto."

"Tangu mke wangu afe," baba akasema.

"Tangu zamani. Lilikaa hapa yeye akiwa hai, nadhani, ila alikuwa analibania, kila mara anakimbilia mwisho. Sasa hayupo, na limepata sauti ya kuazima."

Kiti kililia kidogo. Hakuna aliyekitazama.

"Linatokaje, Bibi?" binti akauliza.

"Kwa kumaliza. Lakini siyo kumaliza kwenu kwa ujanja, mtu anafunga mlango na kuacha dirisha. Mwisho usiobakiza swali. Na autamke yeye aliyeanza." Alijiinua kwa kushika ukingo wa meza, magoti yakalia. Alipofika mlangoni akasimama karibu na binti, karibu sana. "Na wewe umebeba nini? Limeshaanza kukutazama."

"Sina kitu, Bibi."

Bibi alimtazama vile alivyotazama kitambaa ambacho mteja ameapa hakitasinyaa kikilowa. "Haya," akasema, akaondoka.

Binti akaketi, akawasha kompyuta. Nje mtoto wa jirani alikuwa anaburuta kitu kwenye changarawe, kisha akaitwa ndani, pakawa kimya.

"Chapa," baba akasema. "Amesimama mlangoni. Mkono kwenye kitasa."

Harufu ilikuja kabla hajamaliza. Nyuzi zikazama. "Usiharakishe, mume wangu," sauti ikasema, na ilikuwa karibu mno na mama hivi kwamba binti aliuma kidole gumba. "Mpeleke dirishani kwanza. Bado mapema."

Baba alishika ukingo wa meza. "Amesimama," akarudia.

"Ukiufungua nitakwenda. Hutanisikia tena, wala gizani, wala ndotoni, na macho yako yatazimika yaliyobaki, na utakuwa unakaa humu na kabati la vitabu na wala hutajua kama ni mchana. Nani atakuuliza halafu? Mwache asimame. Kwani anaumia wapi akisimama?"

Baba alilia. Alilia waziwazi, bila kujificha, machozi yakiingia ndevuni, na binti alitaka kumwambia basi, Baba, acha, mwache asimame, kwa maana naye alikuwa anaisikia sauti ya mama yake na hakutaka iishe. Aliubana mdomo wake kwa kiganja ili yasimtoke maneno hayo.

"Akafungua mlango," baba akasema. "Alikuwa mumewe. Amelowa chapa chapa. Alisahau ufunguo. Alikuwa amebeba mkate ndani ya koti usilowe."

"Halafu?" Sauti ilikuwa imekauka.

"Akaingia, wakala mkate. Muuaji alikuwa amekamatwa tangu mchana, yuko kituoni na pingu, na funguo zote alizochongesha zimechukuliwa."

"Halafu?" Haikuwa tena ya mama. Haikuwa ya mtu.

"Wakazeeka. Mmoja akatangulia kufa. Aliyebaki akalia, naye akazikwa siku yake ilipofika. Hakuna kingine. Mwisho."

Binti akachapa neno hilo. Nyuzi za kiti zikaachia, mmoja baada ya mwingine, na mto ukainuka, ukajaa, hata lile bonde la mgongo wa mama likatoweka. Hilo hawakuwa wamelitegemea. Baba alisikia mto ukijaa, akageuza uso ukutani.

Alikula siku iliyofuata. Alikula kidogo, kisha zaidi, wamekaa jikoni na mlango wazi. Binti alimtazama anavyotafuna akahisi kama yeye ndiye anayeshiba.

"Baba, mwisho ule uliutoa wapi? Haufanani na wewe. Hauna hata..."

"Hauna taharuki. Sema tu." Alichezea kijiko. "Ni wa mama yako. Siku ile ya mwisho hospitalini aliniambia..." Akasita. Ilikuwa mazoea ya umri mzima, mahali penyewe palikuwa pazuri mno pa kukata. "Nitakueleza kesho."

Ng'ambo ya korido kiti kililia.

Kijiko kilibaki hewani. "Sema sasa, Baba," binti akanong'ona. "Sema lote. Usibakize."

Akasema haraka haraka, kama anayetema kitu. "Alisema, kama huniambii basi najitungia mwenyewe. Huyo mlangoni ni mumewe, kasahau ufunguo kama wewe unavyosahau. Mimi nikacheka. Nikamwambia, wapi, utashangaa. Na nilikuwa sina mwisho, mwanangu. Sikuwa na mwisho wowote, nilikuwa namvuta tu siku ziende. Ningemwambia ndiyo, umepatia. Neno moja. Akasema, basi mimi naamini wangu. Akageukia ukutani, akalala. Imeisha. Hakuna kingine."

Walisikiliza. Korido ilikuwa kimya. Baba alishusha pumzi, akajipapasa mpaka akaupata mkono wa binti yake. "Na wewe? Mkwe wangu anarudi lini?"

Alikuwa na rangi usoni kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nusu ya chakula ilikuwa bado sahanini. Binti alitazama sahani ile.

"Yuko safarini, Baba. Nitakueleza. Kula kwanza."

Kiti hakikulia, na binti akauchukua ukimya huo kama ruhusa.

Kitabu kilitoka. Wasomaji walinung'unika, msomaji mmoja akapiga simu nyumbani kusema kwamba amedhulumiwa, miaka yote hiyo ya kutishwa halafu apewe mkate. Baba alimwomba radhi kwa adabu, akakata simu, akacheka peke yake. Hakuandika tena. Akawa mtu anayemaliza sentensi zake, na watu wa mtaani walimshangaa, akiulizwa jambo alilieleza lote pale pale. Akafa usingizini, msimu wa mvua, na kitu cha mwisho alichosema usiku ule wakati binti akimfunika kilikuwa swali lile lile la siku zote, naye akajibiwa jibu lile lile.

Ndugu walikuja, wakazika, wakala, wakaondoka. Alasiri moja binti aliingia chumba cha kazi kufungua dirisha. Mtaa ulikuwa umetulia. Alikaa mezani, mahali pa baba, akalaza mikono juu ya mbao.

Harufu ilikuja kwanza. Maji ya maua. Kisha nyuma yake, kati ya kabati na dirisha, nyuzi zikalemewa taratibu, mlio mrefu, kama mtu anayesogea mbele ili asikie vizuri.

"Halafu, mwanangu?" Ilikuwa sauti ya baba, ya jikoni, yenye chakula mdomoni. "Mkwe wangu anarudi lini?"

Alijua la kufanya. Alikuwa amelichapa kwa mikono yake mwenyewe. Harudi, Baba. Amebadilisha kufuli, ana mtu mwingine, nimekuja hapa kwa sababu sina pengine, mwisho. Ni pumzi moja tu, na nyumba ingekuwa safi. Alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, yamepangwa tayari, na baada yake aliuona ukimya wote uliobaki, chumba kwa chumba, alasiri baada ya alasiri.

Akageuza kiti chake, akakisogeza karibu na kile cha kusuka.

"Kesho, Baba," akasema. "Kesho nitakueleza."

Nyuzi zikatulia. Binti akajifuta uso, akaenda jikoni, akabandika maji ya chai ya watu wawili.